Chuma Kilichoanguka Kutoka Juu, Mwenyewe ni Nani?

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Shaabani iliyopita tulikuwa Kang'ata, katika Wilaya ya Handeni, kwa jamaa zetu. Swala ya Magharibi ilipokwisha, watu walitoka msikitini wakasimama uwanjani wakielekea machweo, wazee mbele na watoto nyuma, kila mmoja akiutafuta mwezi juu ya miti. Mwezi hatukuuona. (Hatutaki kuingia hapa katika mabishano ya mwandamo, yana kurasa zake na yana watu wake.) Tulichoona badala yake kilikuwa kama nyota moja, yenye kung'aa kupita nyingine zote, iliyotokea upande wa kusini-magharibi, ikapanda bila ya sauti, ikapita karibu na utosi wetu, ikaanza kushuka kaskazini-mashariki. Kisha, kabla ya kufika chini, ikafifia na kuzimika kama taa iliyopulizwa, na hali mbingu ilikuwa safi haina wingu.

Kijana mmoja akaeleza kwamba ile si nyota bali ni kile kituo cha angani wakaamo watu, kizungukacho dunia mara moja kwa kila dakika 93 hivi. Hapo binti wa miaka kama kumi, aliyekuwa barazani pamoja na bibi yake, akauliza: "Bibi, na ikituangukia, tutamwambia nani?" Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, kamuulize babu yako." Wazee wakacheka, lakini hapana aliyejibu, babu mwenyewe hakujibu, na sisi pia tulinyamaza. Swali lile tulirudi nalo nyumbani, na makala haya ni jibu letu kwa kadiri elimu ilivyotufikia.

Wala si swali la kitoto. Tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa tisa alasiri, pete ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kipenyo chake kilikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kiasi cha kilo 500. Ni kama magunia matano ya mahindi yaliyofuliwa yakawa bangili moja. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hapana aliyeumia. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitangaza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ile ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna hiyo kwa kawaida hukusudiwa viungue vinaporejea katika hewa, au viangukie mahali pasipo watu, kama baharini.

Mara likazuka lile lile swali la mjukuu wa Kang'ata. Zikaenea habari kwamba mwenye chuma ni India, na kwamba Kenya imekwisha kudai fidia, Shirika likazikanusha. Ndipo Marco Langbroek wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, mtu ambaye kwa miaka mingi amefuatilia setilaiti kwa kamera zake, akafungua hesabu za mizingo. Alipendekeza kwamba kile ni kipande cha roketi ya Ariane 5 iliyorushwa kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, tarehe 7 Julai 2008, nacho kwa hesabu hizo kilikuwa kikirejea duniani siku ile ile. Wataalamu wengine hawakuridhika, kwa kuwa hawakuona juu ya pete dalili za wazi za kuungua. Basi mtoto aliyezaliwa usiku ule iliporushwa roketi ile alikwisha kutimiza miaka 16 siku chuma kilipotua Mukuku, na wenye elimu bado wanaulizana kama kweli ndicho chenyewe. Na roketi ile ilibeba nini? Mzigo wake mmoja ulikuwa Badr-6, setilaiti ya Arabsat, ya kupeleka matangazo katika nyumba za Waarabu. Hatusemi haya kwa kulaumu. Twasema ili msomaji ajue kwamba vitu hivi si vya watu wa mbali peke yao. Kila mwenye sahani juu ya paa ana sehemu yake ndani ya jambo hili.

Kutoka Mukuku hadi Kang'ata, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 400. Kitu kiendacho kilomita 7 kwa sekunde hukata masafa hayo kwa muda wa dakika moja.

Yajulikanaje basi kitu kilichoanguka ni cha nani? Chuma kikiungua hakibaki na jina. Ushahidi wake ni njia aliyopita nayo, na njia hiyo haina budi iwe imeonwa na kuandikwa kabla ya siku ya kuanguka. Hilo ndilo tulilotaka kulieleza.

Njia ya kitu kizungukacho dunia hufungwa kwa namba sita tu: ukubwa wa duara lake, kadiri duara hilo lilivyorefuka kama yai, mwinamo wake juu ya ikweta, mahali linapoikata ikweta, upande ambao linaikaribia dunia zaidi, na mahali kitu kilipokuwa kwa saa fulani. Mtu anayetazama kwa macho, au kwa darubini, hapimi umbali. Yeye hutoa namba mbili: kitu kilikuwa upande gani, na kilikuwa kimo gani juu ya upeo wa macho, na pamoja nazo huandika saa. Mbili mara tatu ni sita. Kwa hiyo kuona mara tatu kwatosha, kwa kanuni ya hesabu, kuijua njia nzima, na kuona mara nyingi zaidi huisahihisha.

Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko roketi. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, padri Giuseppe Piazzi wa Palermo aliona nukta ndogo ikitembea kati ya nyota, ambayo leo yaitwa Ceres. Aliifuata majuma machache, kisha ikampotea katika mwanga wa jua. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alizichukua namba chache zile akahesabu mahali itakapotokea, na mwisho wa mwaka ule ule ikaonekana karibu na pale pale aliposema.

Lakini upande na kimo vyapimwa kutokana na nini? Hapa twaomba msomaji atusamehe tukisimama kidogo. Mpima shamba hupigilia vigingi. Mpima mbingu vigingi vyake ni nyota, ambazo mahali pake pamekwisha kujulikana. Huangalia setilaiti ipitapo kati ya nyota mbili azijuazo, na papo hapo huandika saa. Na vigingi hivyo vilipigiliwa kwa sehemu kubwa na wanavyuoni wetu. Abdurrahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964. Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, alikamilisha mwaka 1437 orodha ya nyota 1018 zilizopimwa upya. Ndiyo sababu mtazamaji wa Ulaya hata leo husema Vega, naye asema Waki. Husema Altair, naye asema Tair. Na akisema Aldebaran asema Dabaran, yaani mwenye kufuata nyuma, kwa kuwa nyota hiyo yakifuata Kilimia, kile kile ambacho wakulima wetu walikitazama wapate kujua msimu. Hata neno falaki asili yake ni falak, njia ya mviringo ya kile kinachotembea mbinguni. Basi elimu ya falaki kwa jina lake ni elimu ya mizingo.

Saa za kazi hii nazo si ngeni kwa nyumba za Kiislamu. Setilaiti haina taa. Huonekana kwa sababu jua lililokwisha kutuchwea sisi halijaichwea yenyewe. Kwa hiyo zile za karibu huonekana baina ya Magharibi na Isha, na tena baina ya Alfajiri na mawio. Wahesabuo Isha kwa jua kushuka nyuzi 18 chini ya upeo wa macho wataona kwa hesabu nyepesi kwamba wakati huo kivuli cha dunia kimepanda kiasi cha kilomita 330 juu ya utosi wetu. Kilicho chini ya hapo kimezama gizani. Kilicho juu ya hapo, kama kituo kile cha kilomita 400 hivi, bado chapata mchana wake. Na ile nyota ya Kang'ata haikuzimwa na mtu. Iliingia katika kivuli cha ardhi tuliyosimama juu yake.

Kinachotakiwa zaidi ni saa iliyo sahihi. Setilaiti ipitayo utosini kwa kimo hicho huvuka upana wa mwezi mpevu kwa nusu ya sekunde, na kosa la sekunde moja ni kosa la zaidi ya kilomita 7. Na watazamaji wawili ni bora kuliko mmoja. Tuseme mmoja yuko Kang'ata na mwingine yuko upande wa Korogwe, na kati yao kuna kilomita 80. Kitu kipitacho juu ya mmoja wao kwa kimo cha kilomita 400, mwenziwe atakiona kimesogea nyuzi 11 hivi kutoka utosini. Ni zaidi kidogo ya upana wa ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso. Kwa tofauti hiyo, na kwa kuujua umbali ulio kati yao, kimo chapatikana bila ya chombo chochote cha thamani.

Msidhani ni ndoto. Mwaka 1956 Fred Whipple wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alianza kuwakusanya walimu, wanafunzi, wenye maduka na watu wa kazi zote, akawapanga safu kwa safu na vijidarubini vyao, kila mmoja akilinda kipande chake cha mbingu. Kazi hiyo iliitwa Moonwatch. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, kamera kubwa za wataalamu zilikuwa hazijawa tayari, na watu hawa wa kawaida wakawa ndio macho. Baadaye kamera zilifika, na mbili kati yake ziliwekwa Olifantsfontein, Afrika ya Kusini, na Shiraz, Iran. Lakini safu za watu hazikuvunjwa mpaka mwaka 1975.

Alfajiri ya tarehe 5 Septemba 1962, watazamaji wa Moonwatch wa mji wa Milwaukee walikuwa nje wakiingoja setilaiti ya Kirusi iliyorushwa Mei 1960, ambayo hesabu zilionyesha kwamba siku zake zimekwisha. Wakaiona ikipita ikiwaka na kupasuka vipande. Asubuhi hiyo polisi wawili wa mji wa Manitowoc, ulio katika jimbo hilo hilo la Wisconsin, walikuta pande la chuma la kilo 9 hivi limejichimbia katikati ya barabara. Walilidhania takataka ya kiwandani, wakalisukuma kando ya njia. Habari za Milwaukee zilipowafikia ndipo walipolirudia. Saa ya walioona, njia waliyoiandika na mahali pa chuma vikaafikiana, na ikathibitika kwamba ni mali ya Urusi; mwisho wake kikarudishwa kwa wenyewe. Pale Wisconsin palikuwa na watu waliosimama nje wakiandika. Mukuku, saa tisa mchana, hapakuwa na nyota za kupimia wala aliyekuwa akingoja.

Mtu atauliza: ikiwa namba ni sita tu na hesabu ni kweli, mbona watu hawakuonywa? Sababu ni hewa. Hewa haikomi ghafula. Hata kwenye mamia ya kilomita kuna hewa nyembamba mno, nayo hukikwaruza kitu kila kizungukapo na kukishusha. Uzito wa hewa hiyo haukai hali moja. Jua likichafuka, hewa ya juu huvimba. Mwezi Februari 2022 setilaiti 49 zilirushwa pamoja na kampuni ya SpaceX, ikaja tufani ya jua, hewa ikazizuia, na karibu 40 zikaanguka kabla ya kuanza kazi.

Katika jambo hili pwani yetu ina historia ambayo wachache waikumbuka. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia walirusha setilaiti yao San Marco 2. Kazi yake kubwa ilikuwa kuupima uzito wa hewa ya juu pale juu ya ikweta, kwa mizani aliyoibuni Luigi Broglio, mkuu wa mradi. Setilaiti nyingine zilifuata kutoka jukwaa lile mpaka mwaka 1988. Na kabla yao, huko Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga kituo cha redio cha kusikilizia vyombo vya safari za kwanza za wanaanga wao. Watu wengi walikishuku kuwa ni ngome ya makombora, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa. Kwa hiyo si mara ya kwanza mwambao huu kutazama juu; ila mara zote mbili vitabu vya hesabu viliandikwa na wageni, wakaondoka navyo.

Turudi kwenye maonyo. Kwa desturi, mtu atabiriye saa ya kuanguka hukosea kwa sehemu moja ya kumi mpaka mbili za kumi za muda uliobaki. Ikibaki siku moja, kosa ni la saa kadhaa, mbele au nyuma. Na kitu kizungukacho dunia kwa dakika 90 huweza katika saa hizo kuwa popote chini ya njia yake. Ndiyo sababu onyo laweza kutaja nusu ya dunia lisitaje kijiji. Hata hivyo kila mara kitu kionwapo, kosa hupungua, na watazamaji wakiwa wachache kosa hubaki kubwa.

Nao ni wachache upande wetu. Kwa hesabu ya Shirika la Anga la Ulaya ya mwaka 2025, vitu vifuatiliwavyo ni kama 40,000, na vinavyozidi sentimita moja hukisiwa kupita milioni 1.2. Vya karibu hufuatwa zaidi kwa rada. Vya mbali, kama vile vya kilomita 36,000 zilipo setilaiti za televisheni, hutazamwa kwa darubini, mathalan ile ya Ulaya yenye kioo cha mita 1 kisiwani Tenerife. Lakini vituo vingi vimejengwa kaskazini, na hali vitu vilivyorushwa kuelekea juu ya ikweta, kama kile kinachodhaniwa kuwa cha Mukuku, hukesha juu ya ukanda wetu na havipandi kwenda juu ya vituo hivyo.

Sasa twaweza kumjibu mjukuu. Uko mkataba wa mataifa wa mwaka 1972 usemao kwamba dola iliyorusha chombo hulipa madhara yake yakitokea juu ya ardhi, hata kama haikuzembea. Kosmos 954 ya Urusi ilipoanguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978, nayo ilikuwa na mtambo wa nyuklia, Kanada ilidai, na mwaka 1981 Urusi ikakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Haikuwezekana kukana, kwa kuwa njia ya chombo kile ilifuatwa tangu kikiwa juu. Kinyume chake, kimondo cha Mbozi kina uzito wa zaidi ya tani 10, nacho hakina wa kudaiwa, kwani aliyekileta haulizwi. (Mji wa Esperance, Australia, uliitoza Marekani faini ya dola 400 kwa kutupa takataka, pale kituo cha Skylab kilipoanguka mwaka 1979, ulifanya kwa mzaha, na miaka 30 baadaye mtangazaji mmoja wa redio akachangisha akailipa.) Mkataba basi upo, lakini mdai bila ya ushahidi ni kama mwenye shamba asiyejua ng'ombe walioingia ni wa zizi gani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona moto ukipita mbinguni, angalia saa kwanza. Kimondo hupita kufumba na kufumbua. Chuma cha watu huenda pole pole, pengine dakika nzima, kikiacha vipande vifuatanavyo. Andika kilitoka upande gani na kikaenda upande gani, kilipita ngumi ngapi juu ya upeo wa macho au karibu na nyota gani, na wewe ulisimama wapi. Na ukikuta chuma kimeanguka, usikiguse, wala usiwaache watoto wakisogelee, maana vyombo hivi hubeba mafuta yenye sumu kali. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Kabla ya kuondoka Kang'ata tulikaa barazani jioni ya tatu. Kijana yule alikwisha kutazama katika simu yake akatuambia, saa moja na dakika 21. Binti alikuwa na daftari la hesabu la shule na kalamu ya risasi. Ilitokea saa moja, dakika 21 na sekunde 40, upande wa machweo, chini kuliko mara ya kwanza, na watu wakasikika wakihesabu ngumi kwa sauti: moja, mbili, tatu na nusu juu ya mwembe. Akaandika yote, akapiga mstari chini yake. Daftari lile tumeambiwa limewekwa sebuleni karibu na ratiba ya saa za swala, na kurasa zake mbili za kwanza zimekwisha kujaa.